Saa ya sataranji na lengo la mchezaji

Mjadala kuhusu muda unaofaa katika sataranji una kambi mbili. Ya kwanza inashikilia kwamba mchezo wa klasiki, ambao kila mchezaji hupewa saa nzima au zaidi, ndiyo sataranji yenyewe, na mingine ni burudani tu. Ya pili inajibu kwamba anayecheza michezo mingi ya haraka hukutana na hali nyingi zaidi ubaoni, na kwa hiyo hukomaa upesi. Hoja za pande zote ni nzito, lakini mara nyingi hutolewa bila kuuliza mchezaji mwenyewe anatafuta nini.

Shirikisho la Sataranji la Dunia, FIDE, hupima muda kwa kuchukua dakika za mwanzo na kujumlisha nyongeza, yaani sekunde anazoongezewa mchezaji kwa kila hatua, iliyozidishwa mara 60. Jumla isiyozidi dakika 10 ni blitsi. Ikizidi 10 bila kufika 60 ni rapidi. Kwa kanuni hiyo, dakika 3 zenye nyongeza ya sekunde 2 ni sawa na dakika 5 zisizo na nyongeza. Kwa hesabu ni sawa. Ubaoni sivyo hata kidogo. Chukua mchezaji aliyebaki na mfalme na ngome dhidi ya mfalme mtupu, huku saa yake ikiwa na sekunde 8. Kumfunga mfalme huyo kunaweza kuhitaji hadi hatua 16. Bila nyongeza, ni rahisi muda umwishie na mchezo utangazwe sare, kwa kuwa mfalme peke yake hana namna ya kushinda. Akiwa na nyongeza, mwenye kuijua njia huifuata hadi mwisho. Bobby Fischer, bingwa wa zamani wa dunia, aliyepata hataza ya saa yenye nyongeza nchini Marekani mwaka 1989, alilipatia ufumbuzi tatizo halisi. Kwa maoni yangu, mwenye lengo la kujifunza aangalie kwanza kama kuna nyongeza, ndipo ahesabu dakika.

Kwa anayetaka kujenga fikra, klasiki haina mbadala. Mchezaji hulazimika kukokotoa mfululizo wa hatua hadi mwisho wake, kulinganisha mipango miwili, na kuandika hatua zake, jambo ambalo sheria hazilidai katika rapidi wala blitsi. Karatasi hiyo ndiyo inayomwezesha baadaye kurejea pale alipokosea na kukumbuka alikuwa akiwaza nini. Hata hivyo, muda mrefu hauondoi makosa. Mwaka 2024 huko Singapore, katika mchezo wa 14 wa kuwania ubingwa wa dunia, ambapo wachezaji walipewa dakika 120 kwa hatua 40 za kwanza, Ding Liren, aliyekuwa akitetea taji, alisogeza ngome yake katika hatua ya 55 akamruhusu mpinzani wake, Gukesh, kubadilishana naye ngome kwa ngome na askofu kwa askofu, na kilichobaki kikawa awamu ya mwisho ya wafalme na askari tu, ambayo Ding hakuweza kuiokoa. Uchovu nao ni sehemu ya klasiki, na asiyeuzoea hawezi kuufundishwa na michezo ya dakika 3.

Blitsi nayo inastahili kutetewa. Anayejifunza ufunguzi mpya, yaani mpangilio wa hatua za mwanzo, anahitaji kuuona ukijibiwa kwa njia nyingi, na michezo kumi ya haraka humwonyesha mahali anapokwama mapema kuliko mchezo mmoja wa saa nne. Kasi pia ni silaha. Mwaka 2018 huko London, katika kuwania ubingwa wa dunia, baada ya michezo 12 ya klasiki kwisha sare, bingwa mtetezi Magnus Carlsen alimshinda mpinzani wake Fabiano Caruana 3–0 kwa rapidi. Katika mchezo wa 12 alikuwa amependekeza sare ilhali hali yake ubaoni ilikuwa bora. Wengi walimlaumu, lakini lengo lake lilikuwa kubaki na taji, naye alijua nguvu zake ziko wapi. Udhaifu wa blitsi uko kwingine: hudai majibu ambayo tayari yamo kichwani, hivyo humkuza zaidi yule aliyekwisha kujifunza. Anayeanza, akiicheza peke yake bila kuipitia michezo yake, huyazoea makosa yaleyale mpaka yakawa tabia.

Kwa mchezaji mwenye kazi na familia, ambaye hawezi kutenga nusu siku, naegemea rapidi ya dakika 15 na nyongeza ya sekunde 10. Inatosha kusimama na kufikiri mara mbili tatu kwa kina, na bado hubaki nafasi ya kuuchambua mchezo jioni hiyohiyo. Ila anayejiandaa kwa mashindano ya klasiki asitegemee rapidi pekee; wiki za mwisho afanye mazoezi kwa kiwango kilekile cha muda atakachokikuta mashindanoni, kwa kuwa kugawa dakika 90 ni ustadi unaojitegemea, na wengi hutumia dakika 40 kwenye ufunguzi wanaoujua kisha wakakosa muda pale mchezo unapoamuliwa.