Kabla ya projekta, ukuta

Mwandaaji wa semina akipiga simu kuulizia nafasi kwenye misheni kongwe kama ile ya Bagamoyo, huulizia vitanda, projekta na kiyoyozi. Hicho kiyoyozi ndicho kinachotutia wasiwasi.

Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika mjini hapo mwaka 1868, wakajenga kama wapwani walivyojenga: matumbawe na chokaa. Ukuta wa aina hiyo hunyonya unyevu wa ardhini na kuutoa kupitia plasta. Fundi akiusiliba kwa saruji, kisha rangi ya mafuta ili ukumbi ung'ae, unyevu hukosa pa kutokea. Hupanda juu, na chumvi yake huganda nyuma ya plasta na kuibandua. Gonga kwa kifundo cha kidole: ukisikia uwazi, na chini kuna unga mweupe, plasta hiyo imeshaachia. Kuongeza saruji ni kuusogeza ugonjwa juu. Kiyoyozi nacho huupoza ukuta, halafu watu wakitoka kwenda kunywa chai, hewa ya bahari inaingia na kutona juu yake. Feni na madirisha wazi vinatosha, wenye suti watuwie radhi.

Tiba ni kubandua saruji yote hadi kwenye jiwe na kuuacha ukuta ukauke. Kisha chokaa iliyozimwa kwa maji na kulowekwa wiki kadhaa, ndoo moja kwa tatu za mchanga wa mtoni. Wa ufukweni uko karibu, ni bure, na umejaa chumvi. Kila tabaka lisizidi sentimita moja, lifunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa kwa siku kadhaa, kwa kuwa chokaa hukomaa polepole ikivuta hewa ukaa. Jua likiiwahi, inapasuka.

Kinachokwamisha ni kalenda. Kwaresima ni ya mafungo, siku za sala na ukimya. Mei na Juni ofisi huleta semina zikikimbizana kumaliza bajeti kabla mwaka wa fedha haujafungwa tarehe 30 Juni. Sisi tungefunga upande mmoja wa jengo Julai na Agosti, masika yakiwa yamepita na jua halijawa kali. Wala semina isiwekwe jengo moja na mafungo. Kipaza sauti hakina staha.

Wageni hupelekwa kuuona mnara uliobaki wa kanisa la kwanza, ulikolazwa mwili wa David Livingstone Februari 1874, wakapiga picha, wakaondoka. Ankara yao iwe na mstari wa matengenezo ya kuta, kwa kila kichwa kwa kila siku, palepale chini ya chai na vitafunwa.