Mjini Hapa Kila Mtu Ni Fundi

Gari likikuzimikia Dar es Salaam, usihangaike kutafuta fundi. Kaa ndani, pandisha kioo, subiri. Fundi atakuja mwenyewe. Atakuja dereva wa bodaboda, atakuja konda wa daladala aliyekosa abiria, atakuja muuza karanga na ndoo yake, na kila mmoja kabeba ugonjwa wa gari lako anaugawa bure.

Langu lilianza vituko msimu wa joto, lile la Januari na Februari ambalo unaoga, unajifuta, na kabla hujavaa shati unahitaji kuoga tena. Asubuhi linawaka kwa adabu zote. Natoka Sinza, nakunja Sam Nujoma, naelekea Buguruni kwenye riziki. Foleni inalipasha, linapashika, napandisha daraja la Kijazi pale Ubungo, lile tulilofunguliwa 2021 tukaambiwa foleni kwaheri, na huko juu ndiko linapochagua kukata roho. Halikohoi, halitoi moshi, halitoi hata taarifa. Mshale wa mizunguko ya injini unalala kwenye sifuri na usukani unakuwa mzito ghafla. Nyuma yangu honi zinaanza, na watu wenye honi hizo wote wana maoni kuhusu mama yangu.

Halafu sikiliza dharau yenyewe: ukiliacha lipoe, boneti wazi, wewe umesimama pembeni unatoa macho, nusu saa baadaye linawaka kwa ufunguo mmoja. Kama vile halikutuaibisha wote wawili.

Bodaboda akasema betri. Konda akasema umeweka mafuta machafu, na akanitajia kituo ninachojaza bila mimi kumwambia. Muuza karanga akaniuliza gari nimelinunua kwa nani, nikamwambia kwa mtu tu, akatikisa kichwa, akasema "Ndiyo hapo sasa," akaondoka. Mpaka leo sijui alimaanisha nini, na usiku mwingine bado nalifikiria hilo. Trafiki yeye hakuwa na ugonjwa wa kunipa, alikuwa na swali: pembetatu ziko wapi, kaka?

Nyumbani kuna shemeji. Shemeji amekuja mjini kutafuta kazi, na kazi aliyoipata mpaka sasa ni kulalia kochi langu akiangalia video za magari kwa bando langu. Hajawahi kuendesha hata toroli. Akaniangalia kwa huruma, akasema, "Shem, hiyo ni pampu ya mafuta. Inapata moto inachoka." Mke wangu akadakia, "Msikilize mwenzio, anasoma sana." Mimi sisomi.

Basi nikalipeleka gereji bubu, chini ya mwembe, Tandale. Ile gereji haina kibao, haina geti, haina kifaa cha kupimia kitu chochote. Ina fundi mkuu, benchi, na vijana wanaosubiri kutumwa spana. Fundi mkuu akaweka sikio kwenye injini, akafumba macho, akasema plagi. Tukabadilisha plagi. Likazima. Akasema koili. Tukabadilisha koili. Likazima tena, safari hii palepale Tandale mbele yake, na yeye badala ya kuona haya akafurahi: "Umeona bosi? Ugonjwa unajitokeza." Akafikiri kidogo, akauliza nyumbani wanasemaje. Nikamwambia shemeji anasema pampu. "Shemeji yako ni fundi?" Anaangalia video. "Anajua huyo," akasema.

Tukabadilisha pampu. Kiti cha nyuma kikang'olewa, mafuta yakamwagika, gari likanuka petroli mpaka watoto wakawa wanaenda shule kwa miguu kwa hiari yao. Pampu ya zamani niliiacha palepale kwenye benchi. Nani abebe pampu mfu kwenda nayo nyumbani?

Kesho yake, Ubungo, juu ya daraja. Yuleyule muuza karanga.

Hapo ndipo mtu kazini akaniambia kuna jamaa ana mashine ya kupimia, unachomeka chini ya usukani, kompyuta ya gari inasema yenyewe kinachoiuma. Nikaenda. Mashine ikaandika P0335. Nikamwuliza maana yake. Akavuta pumzi ya mganga, akasema, "Hiyo ni krenki, mkuu, ule mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini. Injini inashushwa, krenki inatolewa, inapelekwa kuchongwa." Nilikaa chini, mjomba wenu. Yaani nimekuja na gari linalozima, naambiwa nirudi na injini kwenye mkokoteni. Nikalipa hela ya kupimiwa, nikasema nakuja, na wote wawili tulijua siji.

Aliyeniokoa ni kijana mmoja fundi umeme, Mabibo, kimya kimya, hana hata haraka ya kukuita bosi. Nikamwambia krenki inataka kuchongwa. Akacheka mpaka mita yake ya kupimia umeme ikamdondoka. Akaniambia P0335 haisemi krenki imeharibika. Inasema kompyuta haipati taarifa nzuri kutoka kwenye sensa ya krenki. Ni kidude cha ukubwa wa kidole gumba, kimefungwa kwa bolti moja, spana namba 10, huko chini jirani na puli ya krenki.

Akanieleza, na kwa mara ya kwanza tangu balaa lianze nikaelewa kitu. Kwenye krenki kuna sahani ya chuma yenye meno. Kwenye injini kama yangu nafasi ni za meno 36, ila mawili hayakuwekwa makusudi, yamebaki 34. Sensa imekaa pembeni inayatazama. Ndani yake kuna sumaku na waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi, kila jino likipita unazalishwa umeme kidogo, na lile pengo likipita kompyuta inajua krenki imefika wapi, ili itoe cheche na mafuta kwa wakati wake. Isipoona meno, inaamini injini imesimama. Na injini iliyosimama haipewi cheche wala haidungiwi mafuta. Ndiyo maana mshale ulikuwa unalala kwenye sifuri kabla gari halijaserereka na kusimama. Mshale ulikuwa unaniambia siku zote. Mafundi wote wale waliochungulia dashibodi, hakuna aliyeuliza mshale unafanya nini!

Akaichomoa sensa, akapima na mita: nzima. Moyo ukanidondoka. Akasema subiri, ugonjwa wako unakuja na moto, tuupeleke motoni. Akaenda kwa mama ntilie wa jirani, akaomba maji yanayochemka kwenye kikombe, akaichovya sensa kichwa chini, juu akaacha pini zake kavu, mita imeshikiliwa. Namba ikaanza kupanda taratibu, ambavyo akasema ni sawa, waya ukipata joto ukinzani unapanda. Halafu ghafla namba ikapotea. Waya wa ndani una ufa. Ukipoa ncha zinagusana, ukipata moto zinaachana. Mama ntilie akachungulia kikombe akauliza, "Na hiyo mnakunywa?"

Nikasema basi, tumemaliza, tununue sensa. Akasema bado, na hapa ndipo nilipompenda yule kijana. Akaniita nione kichwa cha waya kinachochomekwa kwenye sensa. Kile kibanio cha plastiki cha kukifunga kimekatika kwa joto la miaka, kichwa kimeshikiliwa na mpira wa kufungia pesa. Mpira wa kufungia pesa! Kuna fundi huko nyuma aliona, akafikiri, akatoa mpira mfukoni. Ndani, pini moja imeota kutu ya kijani, oili imeingia. Akasema ukiweka sensa mpya kwenye kichwa hiki, utarudi kwangu unanitukana.

Kwa hiyo Kariakoo, Gerezani, kwenye maduka ya spea. Nani kasema mtu mzima hawezi kulia hadharani? Muuzaji ananiuliza, "Unataka orijino au orijino yenyewe?" Tofauti ni nini? "Orijino ni hii. Orijino yenyewe ni ya mtumba." Ya mtumba imetoka Japani ndani ya injini yake, imechoka lakini ni ya kwao, mpya ipo kwenye boksi zuri linalong'aa lenye neno lililokosewa herufi. Nikampigia kijana wangu, akasema chukua mpya, ila siyo hiyo yenye boksi zuri, nenda duka la nyuma. Duka la nyuma bei mara mbili, na boksi baya. Nikaelewa mjini hapa boksi likiwa baya kitu kinaweza kuwa kizuri.

Kichwa cha waya kinauzwa na mkia wake, kimekatwa kwenye gari lililochinjwa. Fundi aliniagiza: mwambie aache mkia mrefu, shubiri moja angalau. Yule kijana wa duka akachukua koleo akataka kukikata shingoni kabisa. Nikapiga kelele watu wakageuka. Anabania waya utadhani anaufuma mwenyewe nyumbani.

Kazi yenyewe ilikuwa fupi kuliko malalamiko yangu. Betri ikafunguliwa kwanza. Kijana akaingia chini, miguu nje, akapaka oili kidogo kwenye oringi ya sensa, kile kimpira chake cha duara, akaibana bila kutumia nguvu za kishujaa. Waya mbili za kile kichwa akazikata kwa urefu tofauti, maungio yasikutane sehemu moja yakagusana. Nikamwuliza ukizigeuza si zote ni waya? Akatoka chini ya gari kunitazama. Akasema ukizigeuza, umeme wa sensa unageuka juu chini, kompyuta inasoma meno kwa wakati usio wake, na gari linaweza kuwaka kwa shida au lisiwake kabisa, na hapo ndipo wenzangu watakushusha injini. Akachomelea kwa risasi, akavalisha mirija ya plastiki inayojibana ikipata moto. Akafunga waya mbali na mkanda na mbali na ekzosi. Tepu ya umeme peke yake, akasema, kwenye joto la injini inalainika, inateleza, inaachia. Hapo nikaukumbuka mwembe wa Tandale na zile tepu zao.

Likawaka. Tukaliacha lingurume na AC juu mpaka likapata moto kisawasawa. Kijana akawa anatikisa waya, mimi namtazama mshale. Haukulala. Akafuta ile taa ya injini kwa kimashine chake bila kunidai nyongeza, jambo lililonitisha kidogo kwa kuwa sijazoea.

Sasa nyumbani shemeji anatembea kifua mbele. "Si nilikwambia ni umeme?" Ulisema pampu! "Pampu si inatumia umeme, shem?" Mke wangu akaniambia nisibishane na watu wanaosoma.

Ila likanijia wazo. Kama ugonjwa ulikuwa sensa, basi pampu yangu ya zamani ilikuwa nzima, ya kutoka nayo Japani, na mimi nimefungiwa ya boksi zuri. Jumamosi nikaenda Tandale. Fundi mkuu yuko palepale chini ya mwembe, sikio kwenye injini ya mtu. Nikamwambia nimekuja kuchukua pampu yangu. Akajifuta mikono polepole kwenye kitambaa kichafu kuliko mikono.

"Ile nilimfungia mteja wa juzi, bosi," akasema. Akaniona sura inabadilika, akanishika bega kunituliza. "Wala usiwe na wasiwasi. Inafanya kazi vizuri sana."