Lita Tano za Mjomba

Kwenye kwaya ya watu 40 unaweza kukaa miaka 10 bila kuujua wimbo hata mmoja. Unasimama mstari wa nyuma, wenzako wakifungua mdomo unafungua, wakifumba unafumba, na Krismasi unagawiwa soda kama kila mtu. Ninajua kwa sababu nimeishi hivyo. Halafu nikaingia kwenye kundi la watu watano, kila mmoja na sauti yake, na raha ile ikaishia hapo.

Tunaitwa kwa sauti zetu: Soprano na Alto za juu, Baritoni na Besi za chini, na mimi Tena, ya katikati. Majina ya ubatizo nayaacha, sababu utaiona mbele. Makao yetu ni Iringa mjini na hatuimbi bure: harusi, misiba, uzinduzi wa ofisi, hata ufunguzi wa duka la mabati tumewahi kuimba. Hatuna kinanda, hatuna gitaa, hatuna ngoma. Wazo hilo alilileta Baritoni, aliyetuonyesha kwenye simu kundi la Uingereza linaloitwa The King's Singers, wanaume sita walioanzia chuoni Cambridge mwaka 1968. Mmoja akistaafu anaingia mwingine, lakini sita hawapungui. Sisi tuko watano kwa sababu wa sita aliuliza habari ya nauli mapema mno.

Sasa, kundi lisilo na ala lazima liwe na mtu wa kutoa do, noti ambayo wengine wote wanajipangia kwayo, na mtu huyo ni mimi. Zamani nilikuwa na uma. Si uma wa kulia chipsi, ni uma wa sauti, ule wenye meno mawili ambao mpiga tarumbeta mmoja wa London, John Shore, aliubuni mwaka 1711. Unaugonga kwenye goti, unaushikiza karibu na sikio, unakupa noti ya la, mitetemo 440 kwa sekunde, na hiyo la haibadiliki hata ukilala njaa. Wangu ulipotea wiki nzima, nikaja kuuona jikoni kwetu, mama mkwe anageuzia nao maandazi kwenye mafuta. Akaniambia, "Baba, huu uma wenu umekatika meno, lakini kwa maandazi ni mzuri sana." Mama mkwe huwezi kumpokonya kitu mkononi. Nikanunua filimbi ya duara, ile inayofanana na kopo la dawa ya viatu, yenye noti 13 kuzunguka ukingo wake. Ndani yake kuna vijimeno vyembamba vya shaba. Vikumbuke hivyo vijimeno.

Mwezi wa tatu tukapata kazi Mbeya. Harusi ya kanisani, saa 8 mchana, malipo mazuri na nusu tukatumiwa kabla. Kazi yenyewe ilikuja kupitia mjomba wake Besi. Tulionywa jambo moja tu: kanisa hilo halina masihara na pombe. Hata ile keki yenye harufu ya mvinyo hawaiingizi.

Tukaondoka Iringa saa 11 alfajiri na Noah ya kukodi. Tulipofika Mafinga, Besi akaomba gari lisimame. Kando ya barabara kulikuwa na watu wa ulanzi.

Msomaji wa Pwani, nikueleze kidogo. Ulanzi ni pombe ya mianzi, na si kitu cha kupikwa. Masika, mianzi inapochipua, mgemaji anakata ncha ya chipukizi na kuning'iniza mbeta, chombo kilichokatwa kwenye mwanzi huo huo, na maji yanadondokea humo. Asubuhi na jioni anapita kukata tena kidogo ili kidonda kisizibe. Ukiwa mbichi unaitwa mtogwa, mtamu, hata mtoto anakunywa. Ukiuacha ukae, unajichachua wenyewe na kuwa mkangafu, na mkangafu haumheshimu mtu.

Besi akanunua mtogwa lita 5, kwenye dumu la njano. "Ni wa mjomba," akasema. "Mtu wa heshima sana. Msiulize."

Hatukuuliza. Mama muuzaji alikuwa ameziba dumu kwa kipande cha jani, akamwambia, "Mwanangu, usifunge. Uache upumue." Lakini dereva wetu naye alikuwa na lake: tone moja likigusa kiti, tungelipa kuosha gari zima. Basi Besi, ambaye kwa mikono ana nguvu kuliko kwa sauti, akalitoa jani, akaweka nailoni mbili, akakaza kifuniko mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Dumu likalazwa nyuma. Juu yake, kwa kuwa lilikuwa laini na limekaa vizuri, yakatandazwa makoti yetu matano ya rangi ya maziwa, ambayo fundi alikuwa bado anatudai. Filimbi yangu ilikuwa kwenye mfuko wa kifuani.

Makambako tulifika salama. Tukateremka kuelekea Igawa, na kule chini, Chimala na Igurusi, jua la Usangu likatupokea kama linatudai. Tukapata pancha. Tukabadilisha tairi. Tukapanga foleni ya malori ambayo sitaki kuikumbuka. Muda wote huo nyuma yetu kulikuwa na kasauti kembamba, tsiii, tsiii. Alto akauliza, "Nani anapumulia pua?" Baritoni akasema ni noti ya E. Tukabishana kama ni E au E bemoli, watu watano wenye taaluma, na hakuna aliyegeuka kutazama nyuma.

Ulanzi ndani ya dumu unafanya kazi. Unatengeneza hewa, joto linauharakisha, na hewa ile haina pa kutokea zaidi ya kale katundu ka tsiii. Halafu gari likaanza kupanda Mlima Nyoka, tunaacha joto bondeni, na kadiri unavyopanda ndivyo hewa ya nje inavyopungua nguvu ya kusukuma. Ya ndani ikasema basi.

PAA!

Dereva akakanyaga breki. "Tairi!" Kisha kitu cha uvuguvugu kikamtambaa shingoni, akashika, akaona mkono umelowa. "Nimepigwa! Jamani nimepigwa risasi!" Soprano akapiga ukelele ambao tangu tuanze kundi tumekuwa tukimwomba aufikie kwenye wimbo wa Pasaka, na hakuwahi. Besi peke yake ndiye aliyeelewa. Alikaa kimya, povu likimteremka usoni kama bwana harusi aliyemwagiwa shampeni, akasema polepole, "Mjomba."

Tulishuka Uyole tukakamua makoti kando ya barabara. Nguo za safari nazo zilikuwa chapachapa, kwa hiyo hakukuwa na cha kubadilisha. Inzi wote wa Uyole walikuja kutupokea. Trafiki naye akaja. Akafungua mlango, akarudi nyuma hatua mbili.

"Mmekunywa wangapi humu?"

"Hatujanywa, afande. Tumemwagikiwa."

Akampa dereva kipimo apulize. Sifuri. Akakitikisa kipimo, akampulizisha tena. Sifuri. Akamwangalia dereva, akaliangalia gari, akasema, "Basi gari ndilo limelewa, wewe uko sawa. Nendeni."

Saa 8 na dakika 10 tuliingia kanisani. Maharusi walikuwa wamesimama mbele, mchungaji anatusubiri sisi. Tulipita njia ya katikati tukiwa na makoti yenye ramani, na kila safu tuliyoipita vichwa viligeuka kwa mpigo, kama upepo unavyolaza mpunga wa Usangu. Mama mmoja alimvuta mtoto wake karibu. Kijana mmoja wa nyuma akasema "Amina" kabla hatujaimba.

Tukasimama nusu duara. Nikatoa filimbi. Wimbo wetu do yake iko F. Nikapuliza F: ikatoka blub, na kapovu kadogo. Nikapuliza tena: kimya. Vile vijimeno vya shaba vilikuwa vimegandana na sukari. Nikazungusha, nikijifanya natafuta kitu cha kitaalamu. Kati ya noti 13, iliyokuwa hai ni moja tu, C.

Anayejua solfa ananielewa: do ikiwa F, C ni so, noti ya tano kwenda juu. Ukishaipata so, unashuka kichwani so, mi, do, na do unayo mkononi, hakuna hasara. Ndicho nilichopanga kufanya. Lakini kwenye kundi letu ni mazoea ya miaka minne: Tena akipuliza, hiyo ndiyo do, hakuna mjadala. Mimi ndiyo kwanza niko kwenye mi, Soprano ameshavuta pumzi na kuondoka. Aliichukua so akaifanya do. Wimbo mzima ukashuka noti nne kwenda chini, sisi tukiwa ndani yake.

Soprano mwenyewe hakupata shida, alikuwa anatembea nyumbani kwake. Alto alianza kusikika kama dada anayetangaza abiria stendi. Baritoni akawa besi. Na Besi, aliyefunga lile kifuniko, alitakiwa kwenda mahali ambapo sauti ya binadamu wa kawaida haifiki. Alikunja kidevu, akapanua mbavu, akafungua mdomo. Ikatoka hewa. Hewa tupu, kama baiskeli inayotolewa upepo. Na hiyo hewa, kwa jinsi tulivyokuwa tumelowa, ilikwenda na harufu yake moja kwa moja mpaka safu ya kwanza.

Kwenye kwaya ya watu 40 kungekuwa na besi wengine tisa wa kumfichia aibu. Kwetu besi akikosekana, wimbo unakuwa nyumba ya ghorofa isiyo na chini. Tulielea hivyo ubeti wa kwanza na wa pili. Wa tatu ulikuwa mbaya zaidi, kwa sababu waimbaji wasio na ala huteleza chini kidogo kidogo wenyewe hata siku njema, sembuse siku ile.

Kitu kimoja kilinitia moyo. Safu ya mbele, kiti cha pembeni, alikaa mzee wa kanisa, suti nyeusi, miwani, Biblia mapajani. Watu wote wamefunika pua kwa leso, yeye amefumba macho. Anavuta pumzi ndefu, anaishikilia, anaiachia taratibu na kutikisa kichwa. Kila Besi alipopanua mdomo, mzee aliinama mbele. Ubeti wa tatu machozi yalimtoka. Nikajisemea, angalau kuna mmoja tuliyemgusa.

Wimbo wa pili nilitoa do kwa kichwa changu mwenyewe na ulikwenda vizuri, sitautaja. Watu hawasimulii wimbo uliokwenda vizuri.

Baada ya ibada tulijibanza nje chini ya mti, upande ambao upepo ulituondolea harufu kuipeleka Mlima Loleza. Tulikuwa tunajadili kama nusu ya malipo iliyobaki tuiombe au tuiache ijikumbuke yenyewe. Mara namwona yule mzee anakuja, Biblia kwapani. Nikamwahi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, marahaba," akanipita bila kuniangalia. Akasimama mbele ya Besi. "Kamwene."

"Kamwene, mjomba," akasema Besi, macho chini.

Sisi wanne tukatazamana.

Mzee akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Akashika ukosi wa koti la Besi kama anamtengenezea tai, akainusa haraka. "Ni wa Mafinga huu."

"Wa Mafinga, mjomba."

"Nilikwambia mtogwa. Mtogwa, kwa ajili ya tumbo langu. Huu umeshakomaa."

"Ulikomaa njiani, mjomba. Nililifunga sana."

"Wote?"

"Wote."

"Lita 5?"

"Lita 5, mjomba. Mengine tulikamua pale Uyole."

"Mkakamulia kwenye nini?"

Besi akameza mate. "Chini."

Mzee akavua miwani. Akaifuta kwa leso, akaivaa, akaivua tena. Wakati huo huo akina mama wa kamati walikuwa wamekaribia, na nyuso zao hazikuwa za kutukaribisha pilau. Mzee aliwageukia, akainua mkono, na kwa sauti ya mtu aliyezoea kutoa matangazo ya ibada akasema, "Mama zangu, msiwahukumu vijana hawa kwa hali mliyowaona nayo. Njiani wamepata msiba."

Nyuso zikabadilika palepale. "Jamani! Poleni!" Tukashikwa mikono, mmoja baada ya mwingine. Soprano, ambaye akianza kucheka hajui kuacha, alijifunika uso kwa kanga ya mtu, mabega yakamtikisika, akapigwapigwa mgongoni na kuambiwa Mungu ndiye mpangaji. Sahani za pilau zikaletwa chini ya mti, nyama juu. Bahasha nayo ikaja, kamili, pamoja na kitu kidogo cha rambirambi.

Mama mmoja mtu mzima, mwenye huruma kuliko wote, akamshika Besi mkono wa pili. "Pole baba. Marehemu alikuwa wa nani kwenu?"

Besi akafikiri. Akakunja kidevu, akapanua mbavu, na ile noti iliyomkimbia kanisani kwa beti tatu, C ya chini kabisa, ikatoka nzima, nene, hata sahani ya pilau nikaisikia inatetemeka mkononi.

"Wa mjomba."