Banda la kichanja au banda la chini? Kwanza niambie nani atasafisha

Haya mabishano ya banda la kichanja na banda la chini hayaishi. We sema tu una kauwanja kadogo nyuma ya nyumba na unataka kuku wachache wa mayai, utapata washauri wawili na wote wana uhakika kabisa, mmoja anakwambia inua banda juu ya nguzo kuku wasikanyage kinyesi chao, mwingine anakwambia achana na vichaga, yaani sakafu ya mbao zilizoachiana nafasi, mwaga maranda chini kuku wachakure. Mi nimefuga kwa njia zote mbili na zote zimeshanitia aibu kwa nyakati tofauti. Ninavyoona wote wawili wana hoja, ila wanaongelea kuku tu. Mwenye eneo dogo ana jambo lingine la kujiuliza kabla ya hapo, mkono wake na fagio lake vinafika wapi?

Tuanze na hesabu maana hapo ndo watu wanapojidanganya. Kuku mmoja wa mayai wa umbo la kawaida mpe kama theluthi ya mita ya mraba ndani anakolala, na nje pa kuzunguka mita moja ya mraba, ukiweza zaidi ni vizuri. Sasa chukua eneo la mita 2 kwa 3, hiyo ni mita za mraba 6. Ukiweka chumba cha kulala na uwanja vyote chini, kuku 4 wanakaa vizuri, wa 5 ni kubanana. Ukipandisha chumba cha kulala juu, uwanja ukapita chini yake, eneo lilelile linabeba 6. Hii ndo hoja kubwa kuliko zote ya kichanja na mi siipingi. Kuna watakaosema mbona kwenye mabanda makubwa kuku wanajazana, ni kweli, sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 1999 inaruhusu mpaka kuku 9 wa mayai kwa mita moja ya mraba kwenye mabanda yasiyo na vizimba, ila mule mara nyingi kuna feni na kuna mtu kazi yake ni hiyo tu kutwa nzima. Wewe una dakika kumi asubuhi kabla hujaoga.

Alafu kuna hesabu ya pili ambayo wengi hawaipigi, ya kinyesi. Kuku mmoja anatoa gramu mia na kitu kwa siku. Kuku 5 ni zaidi ya nusu kilo kila siku, mwezi ukiisha umepita kilo 15, na sehemu nzuri ya huo mzigo inadondoka usiku, sehemu moja, chini ya mti wanaolalia, yaani ule ufito wa ndani ya banda wanaoupanda usiku. Shika hapo, tutarudi.

Kichanja kina mazuri yake na si ya kubeza. Sakafu ya vichaga vyenye nafasi ya sentimita 2 hivi inaachia kinyesi kipite, kuku hawakikanyagi wala hawakidonoi, na hilo linasaidia sana kwenye ule ugonjwa wa kuhara damu, koksidiosisi, kwa sababu vimelea vyake vikitoka na kinyesi vinahitaji siku moja mbili kwenye unyevu na ujoto ndo viwe na uwezo wa kuambukiza, vikidondoka chini mbali na midomo ya kuku mzunguko unakatika. Panya nao hawapati pa kujichimbia chini ya sakafu. Na kwenye joto hewa inayopita chini ni msaada mkubwa, kuku hana jasho, yeye njia yake ni kuhema mdomo wazi na kufungua mabawa, joto likivuka nyuzi 30 anaanza kuhangaika.

Sasa hasara yake. Banda langu la kwanza nililiinua nusu mita. Lilikuwa zuri hilo, kila aliyelipita alilisifia. Wiki ya kwanza nikapiga magoti nikavuta kinyesi kwa reki, wiki ya pili nikalala kifudifudi, wiki ya tatu nikasema nitafanya kesho, na hiyo kesho ikaja na nzi. Nusu mita ni urefu mbaya kuliko wote, ni mfupi kwa mtu kuingia na ni mrefu vya kutosha kukusanya uchafu wa miezi. Ukiinua inua mita moja au karibu na hapo, toroli liingie chini, la sivyo weka bati la kuteleza unalivuta kama droo.

Ila kuna kitu kingine ambacho wanaosifia kichanja wanakiruka, na mimi mwenyewe kilinichukua muda kukiona. Faida mbili kubwa za kichanja hazikai pamoja. Faida ya kwanza ni vichaga vinavyopitisha kinyesi, ya pili ni uwanja wa bure chini ya banda. Sasa ukiweka vyote viwili, kinyesi cha usiku kinadondokea palepale kuku wanapochakura mchana! Umewatenganisha na uchafu saa za kulala alafu asubuhi umewafungulia mlango waende kuufuata. Kwahiyo lazima uchague, ama vichaga na chini pawe pamefungwa kuku wasifike, hapo eneo lako limerudi palepale, ama uwanja chini na sakafu ya juu iwe ya mbao isiyopitisha kitu, hapo ile habari ya banda kujisafisha lenyewe imekufa, utasafisha kama mwenye banda la chini tu tena ukiwa umeinua mikono. Mchoro wowote unaoonyesha vyote viwili kwa pamoja mi nautilia shaka, labda kama kuna trei katikati.

Tugeuke upande wa chini. Hapa unamwaga maranda makavu unene wa sentimita 10 mpaka 15, kuku wenyewe wanageuza kwa kuchakura, kinyesi kinachanganyika na kuanza kuoza taratibu, we unaongeza maranda juu na kugeuza palipogandamana, unatoa yote baada ya miezi kadhaa na ni mbolea karibu tayari. Kuku wanafurahi maana kuchakura ni sehemu ya maisha yao, akikosa pa kuchakura anatafuta kazi nyingine, na kazi nyingine ni kumdonoa mwenzake manyoya. Ujenzi ni rahisi, hauhitaji nguzo imara wala ngazi, na kuku wazito hawaumii miguu kwa kuruka kutoka juu kila asubuhi. Miguu si jambo dogo, kuku mnene akitua vibaya mara nyingi anapata kidonda cha unyayo, unavimba, na kumtibu ni shughuli.

Lakini hii njia ina adui mmoja tu na anaweza kuua kila kitu, maji. Banda langu la pili lilikuwa la hivi, na kwa miezi kadhaa nilijiona fundi kweli, mpaka bati moja likaanza kuvuja upande wa nyuma ambako sifiki kirahisi. Siku nne tano za mvua, maranda yakageuka uji, na nilipofungua mlango macho yakawasha. Ile ni amonia, bakteria wanavunja kinyesi na unyevu ndo unawapa kazi. Na ukishaisikia puani ukiwa umesimama ujue wao walioko chini wanavuta nzito zaidi na njia zao za hewa zimeshaanza kuumia. Siku hizi nachuchumaa nanusa nikiwa kwenye urefu wa kuku, alafu nafinya konzi ya maranda, yakibaki donge ni mabichi, yakiachia na kumwagika yako sawa. Ukijaza kuku wengi kwenye eneo dogo yatakuwa mabichi hata bila mvua, kwa sababu kinyesi chenyewe kina maji mengi. Kwahiyo njia ya maranda inataka uwe na kuku wachache, ambao ndo mtu mwenye eneo dogo hataki kuwasikia.

Banda la kuhamisha, lile la magurudumu, nisilipite kimya ila sina mengi. Lina akili sana kama una majani ya kutosha. Kwenye mita 6 za mraba unalihamishia wapi, unalizungusha siku tatu umerudi ulipoanzia na nyasi hazijaota.

Kuna mambo ambayo hayajali umechagua upande gani na ndo yanayoamua kama utafuga mwaka wa pili. Hewa kwa mfano, matundu yawe juu ya vichwa vya kuku waliolala, hewa chafu itoke bila upepo kuwapiga usiku kucha. Mti wa kulalia uwe juu kuliko kiota, kuku anapenda kulala pa juu kabisa, ukiweka kiota juu atalala kwenye kiota na mayai utayaokota yamepakwa kinyesi. Sentimita 20 mpaka 25 kwa kila kuku kwenye mti zinatosha, na kiota kimoja cha sentimita 30 kwa 30 kinahudumia kuku 4 au 5, ukiweka vitatu watapanga foleni kwenye kimoja vilevile. Wavu nao, ule mwembamba wa matundu ya pembe sita unazuia kuku kutoka, hauzuii mbwa wala kicheche kuingia, na panya anapita bila hodi. Chukua wa kuchomelea wenye matundu ya sentimita 1 na kitu, na utandaze mwingine ardhini kuzunguka banda kama nusu mita, mnyama anayechimba huanzia ukutani, akikuta waya haendelei.

Na utitiri, jamani. Utitiri mwekundu mchana umejificha kwenye nyufa, usiku unapanda kunyonya damu. Kichanja cha mbao kina maungio mengi kuliko banda la tofali la chini, yaani umewajengea wadudu vyumba. Hapa banda la chini linashinda wazi. Ukiwa na mbao, mti wa kulalia uwe wa kutoa, uweze kuuangalia ncha zake, wanapenda hapo.

Nikilazimishwa kuchagua kwa eneo dogo kabisa, chini ya mita 6, naenda na kichanja chenye sakafu ya mbao isiyopitisha na uwanja chini, ila ndani, chini ya mti wa kulalia, pawe na trei pana ya kuvuta kutoka nje. Ule mzigo wa usiku wote unaingia mule, asubuhi unavuta unamwaga, dakika mbili, sakafu iliyobaki inakaa na maranda kidogo na haichafuki haraka. Ukiwa na nafasi zaidi ya hapo na paa usiloliamini kwa macho tu bali umelimwagia ndoo ya maji ukaona, jenga chini, weka mlango wa kuingia mtu mzima amesimama, usijute.

Langu la sasa ni la trei. Limetulia, halinuki, nzi wamepungua. Kilichobaki ni kuku mmoja mweupe anayekataa mti wa kulalia, kila jioni namkuta kajibana kwenye kiota, nimeshaupandisha mti mara mbili na yeye bado yumo.