Siku mbili kwa bibi na babu: nani mwenye kauli?

Ijumaa jioni mtoto wa miaka miwili anashushwa kwa bibi na babu. Mkononi ana mdoli ambaye bila yeye usingizi hauji, na nyuma yake unakuja mkoba wa nguo, nepi na karatasi iliyoandikwa pande zote mbili: ale nini, alale lini, asiguse nini. Jumapili karatasi inarudi imekunjwa vilevile. Hapo ndipo maneno huanza.

Wazazi wana hoja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unasema mtoto wa umri huo apate jumla ya saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku, na muda wa skrini usizidi saa moja. Akikeshea katuni hadi saa nne usiku, watakaohangaika naye Jumatatu si babu wala bibi.

Lakini bibi naye ana lake. Waliomwandikia ile karatasi ni yeye aliyewalea, tena bila karatasi. Na kuna kitu kwake ambacho nyumbani hakipatikani kirahisi: mtu asiye na haraka. Babu anaweza kuchuchumaa nusu saa nzima na mjukuu wakitazama siafu wakibeba bawa la nzi, bila kuangalia saa. Isitoshe, watoto ni wepisi kung'amua kwamba kila nyumba ina utaratibu wake. Wikendi moja ya kudekezwa haijamharibu mtu, na mzazi anayetaka kuongoza kila kijiko kutoka mbali ni bora abaki na mtoto wake.

Ninapoachana na wazee ni kwenye ile kauli ya "mbona nyinyi tuliwalea hivyo na mkakua?" Kuna ushauri uliobadilika kwa sababu nzito. Zamani madaktari wengi walihimiza mtoto mchanga alazwe kifudifudi. Miaka ya 1990 ushauri ukageuka, alazwe chali. Marekani ilianza kampeni yake mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya watoto usingizini vikapungua kwa takriban nusu katika miaka iliyofuata. Asali nayo haifai kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka, hata kijiko cha kikohozi. Halafu kuna vidonge vya presha vya bibi, vimekaa kando ya kitanda kwenye kopo linalofunguka kwa urahisi, kimo kilekile cha mkono wa mjukuu. Nyumbani kwa mtoto huenda hatari hiyo haipo kabisa, na katika kurasa zote mbili za karatasi hakuna aliyeiandika.

Kwa hiyo ningeichana karatasi na kubakiza mistari mitatu minne: usingizi salama, dawa, vitu vya kukaba koo, namba ya kupiga ikitokea dharura. Hapo wazazi wana kauli ya mwisho. Mengine yote, waachiwe wenye nyumba.

Linalosemwa kwa nadra ni uchovu. Kumwinua mtoto wa kilo 12 kutoka kwenye beseni, mara kadhaa, kwa magoti ya miaka 68, si mchezo. Bibi hasemi, maana kukataa kutaonekana kama hampendi mjukuu. Simu ya Jumamosi usiku inauliza kama mtoto amekula, kama amelala, kama analia. Bibi anajibu yote, simu inakatwa, na bado hajakaa kitako tangu alfajiri.