Shemeji Ameshuka Pwani

Kenya ina kaunti 47. Ikifika Desemba, 46 zinahamia Mombasa, na kipande kizima cha mojawapo kinalala sebuleni kwangu.

Kipande chenyewe ni shemeji yangu wa Nakuru, dada yangu, na watoto wao wanne. Dada aliolewa bara, watu wakacheza chakacha, pilau likaliwa, na hapana hata mzee mmoja aliyesimama kwenye ile posa akasema kwamba muoaji anapewa pia haki ya likizo ya Pwani maisha yake yote, kula na kulala juu ya kaka wa bibi harusi. Ningeuliza bei upya.

Sina ugomvi na wageni, msinielewe vibaya. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini wahenga waliosema maneno hayo hawakuwa wapangaji wa nyumba ya vyumba viwili Kisauni. Shemeji haji mikono mitupu, nimpe haki yake: huja na gunia la viazi. Tunakula viazi vya nazi, viazi vya kukaanga, viazi karai asubuhi, na gunia halishuki. Anayeshuka ni mimi.

Na yote haya yamezidi tangu 2017, treni mpya ilipoanza. Zamani mtu wa bara akitaka kuja huku alikuwa anafikiria mara mbili. Treni ile ya kale ililala njiani usiku kucha, na mara nyingine iliamka imechelewa. Safari ndefu ilikuwa kinga yetu, ila hatukujua. Siku hizi mtu anapanda Nairobi asubuhi, saa tano tu baadaye yuko Miritini ananipigia: "Shemeji, tumefika, uko wapi?" Niko kitandani, shemeji. Niko likizo. Likizo yangu ndiyo hii naiona ikishuka behewani na mabegi sita.

Kwanza kabisa, joto. Desemba yetu si jambo la kueleza, ni la kuoga. Sasa sisi wenyeji tuna utaratibu wetu wa maji: mfereji ukitoa tunashukuru, usipotoa tunamwita mwenye mkokoteni alete mitungi ya lita 20, na kila mtungi una bei yake na kila bei ina msimu wake. Mwenyeji anaoga kwa kata. Mtoto wa Nakuru anaoga akiamka, anaoga akitoka baharini, halafu anaoga kwa sababu jasho limemtoka akijifuta. Mwenye mkokoteni siku hizi haniulizi tena, anaegesha mlangoni tu. Akiniona njiani ananisalimia kwa heshima ambayo hata bosi wangu hajawahi kunipa.

Basi tunaingia kwenye matembezi. Shemeji ana duka la vifaa vya ujenzi, misumari, mabati, saruji. Mwaka mzima yuko nyuma ya kaunta akisoma historia kwenye simu wateja wasipokuja. Akifika Mombasa anataka kuthibitisha yote aliyosoma, na shahidi wake ni mimi. Ati mimi ni mwenyeji, kwa hiyo lazima nijue. Mwenyeji wa Mombasa anajua matatu gani haina konda mkorofi na nani anauza mbaazi nzito. Hayo hawaniulizi.

Fort Jesus nimeingia na wageni mpaka mizinga inanijua. Mwaka huu shemeji amesimama langoni, jua la saa saba limetukalia utosini, akaanza: Wareno waliijenga kuanzia 1593, mchoraji wake Mwitaliano aliyeitwa Giovanni Battista Cairati, ukiitazama kutoka juu ina umbo la mtu amelala. Nikamwambia mtu huyo ana bahati, mimi nimelazwa mkekani tangu mje. Hakusikia. Alikuwa ameshaanza kupapasa ukuta.

"Shemeji, hii ni mawe ya matumbawe?"

"Ndiyo."

"Zaidi ya miaka 400, na hawakununua hata mfuko mmoja wa saruji?"

Uso wake ulibadilika kabisa. Nilimwonea huruma, mtu kugundua katikati ya likizo kwamba biashara yake haikuhitajika.

Watoto nao hawataki mawe, wanataka vita. Bahati nzuri ngome ile ina vita vya kutosha. Mwaka 1631 sultani wetu Yusuf bin Hasan, ambaye Wareno walikuwa wamembatiza na kumwita Dom Jerónimo, aliwageuka, akamuua kapteni wao na kuichukua ngome. Halafu kuna mzingiro wa Waomani, ulioanza Machi 1696 ukaisha Desemba 1698. Watu wamefungiwa ndani zaidi ya miaka miwili na nusu, njaa na maradhi vinawamaliza, huku wanangoja meli za msaada. Watoto wakatoa macho. Meli moja ya msaada, Santo António de Tanná, ilizama papo hapo mbele ya ngome 1697, na vitu vilivyoibuliwa na wapiga mbizi vimewekwa mle ndani ya jumba la makumbusho.

"Mjomba, walikuwa wanakula nini ndani?" mdogo wao akauliza.

Nikamjibu kwamba mzingiro ni hivi: watu wamekuja, hawaondoki, na chakula ndani ya nyumba kinapungua. Mke wangu akanikanyaga mguu.

Ajabu nyingine ya ngome ile, Mwingereza aliifanya jela, na jela ikabaki mpaka 1958. Yaani babu zetu walikuwa wanaingizwa mle bure, na walilia. Sisi tunalipa kuingia, halafu tunapiga picha tunacheka. Nilipomwambia shemeji hivyo akaniuliza kama kuna yeyote wa ukoo wetu aliyefungwa mle. Nilijua anatafuta kitu cha kwenda kusimulia Nakuru. Nikanyamaza, ajaze mwenyewe.

Lakini pale pale kwenye ukuta wa upande wa bahari ndipo alipoisoma ile habari iliyonipa nguvu. Mwaka 1498, mwezi wa Aprili, Vasco da Gama alitia nanga hapa Mombasa. Hakuelewana na wenyeji, hata wiki hakufikisha, akang'oa nanga akaenda zake Malindi, na Malindi wakampokea vizuri sana. Nguzo yake iko kule mpaka leo, inatazama bahari.

Nikasema mmeona? Wazee wa Mombasa walikuwa na akili. Mgeni amefika na meli zake, wamemtazama juu na chini, wakajua huyu akivua viatu habebeki. Nikageuka kwa shemeji nikamwambia kwa upole kabisa, "Malindi ni pazuri mno. Watu wake wakarimu tangu zamani, historia inashuhudia. Matatu zinatoka kila saa."

Akasema wazo zuri, twende wote, tulale huko siku mbili, nitafute pa kulala pa bei nafuu.

Nisiongee sana kuhusu Mji wa Kale. Tumepita Ndia Kuu, tumetazama milango ya nakshi na roshani, tumesimama chini ya mnara wa msikiti wa Mandhry ambao umekuwa pale tangu karne ya 16, na shemeji ameulizia bei ya bawaba za mlango wa mtu, mtu mwenyewe amekaa kibarazani anamwangalia. Jioni akanywa kahawa chungu vikombe vitano kwa sababu ati vikombe ni vidogo. Usiku mzima hakulala, na sisi hatukulala, maana alikuwa anasoma historia kwa sauti.

Kule Mapembeni ndiko aibu ilikonipata. Yale mapembe makubwa ya barabara ya Moi, yaliyosimamishwa miaka ya 1950 kwa ajili ya ugeni wa kifalme kutoka Uingereza, kila mgeni lazima apigwe picha chini yake. Yako katikati ya barabara. Kulia malori yanatoka bandarini, kushoto tuktuk zinatafuta abiria, na dada yangu anataka watoto wapangwe kwa urefu. Honi zinalia, mtu ametoa kichwa dirishani ananiuliza kama nimechoka kuishi, nami namjua, tunasali msikiti mmoja. Shemeji wakati huo ameinama, anaigonga pembe kwa kidole.

"Alumini," akasema. "Lakini geji yake si mbaya."

Siku iliyofuata, Haller Park kule Bamburi. Hapa nakubali nilipendezwa, ingawa usimwambie. Pale palikuwa machimbo ya mawe ya chokaa ya kiwanda cha saruji, shimo tupu jeupe linalounguza macho. Mwaka 1971 René Haller akaanza kupanda miti, na mti uliokubali kuota kwenye jangwa lile ni mvinje. Majani yake yakaanguka, hayaozi, akaleta jongoo. Jongoo wakala majani, wakanya udongo. Msitu mzima ule, na twiga wanaolishwa mkononi, umesimama juu ya kinyesi cha jongoo. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Shemeji hakucheka. Alikuwa ametulia, mkono kifuani, kama mtu aliyefika Makka: saruji anayoiuza Nakuru miaka yote, asili yake ndiyo hii.

Ila aliyenigusa mimi ni kobe. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, kiboko mchanga aliyepotezana na wenzake aliokolewa baharini upande wa Malindi, akaletwa hapo, akaitwa Owen. Akamwona kobe mmoja mkubwa wa Aldabra, mzee wa zaidi ya miaka 100, jina lake Mzee, akamganda. Anamfuata kila aendapo, analala ubavuni mwake. Dunia nzima ikaandika juu ya mapenzi yale. Hapana mwandishi aliyemuuliza kobe. Mtu umejikalia karne nzima na gamba lako na majani yako, Desemba inaingia, unaletewa kiboko, na unaambiwa ni baraka.

Baharini tulikwenda ufuo wa watu wote, Pirates. Nilimwambia shemeji tungoje maji yajae. Akasema hawezi kungoja, amesafiri. Tukafika yamekupwa. Mchanga, mwani, mawe, na maji yanang'aa kule mbali karibu na mwamba.

"Bahari iko wapi?"

"Imekwenda."

"Wataileta saa ngapi?"

Aliniuliza hivyo, wallahi, na macho yake makavu, kana kwamba kuna lori. Nikamwambia saa kumi. Ikaja saa kumi, kwa sababu bahari, tofauti na watu wengine, ina ratiba yake na ikishajaa hurudi ilikotoka. Katikati hapo watoto wamekodi tyubu, wamepanda ngamia, wamekula mabuyu mpaka ndimi zimekuwa nyekundu, na kila mwenye tyubu na mwenye ngamia alikuja kwangu kudai, "maana wewe ndiye mwenyeji."

Kitu cha bei nafuu kuliko vyote ni feri ya Likoni, mtembea kwa miguu halipi. Watoto wakalijua hilo. Tumevuka kwenda Likoni, tumerudi, tumevuka tena. Watu wanaowahi kazini wanatusukuma, mikokoteni inatukanyaga, na shemeji anaonyesha meli zinazoingia Kilindini akisema ile labda ina mabati yangu. Mimi huvuka pale na makarani wenzangu mwaka mzima nikinuna. Sijawahi kuona mtu akishangilia feri.

Sasa nikueleze kinachoniuma hasa. Mimi pia ni Mkenya, na mimi pia nina macho. Nataka kuuona Mlima Kenya, mita 5,199, nisikie baridi hata kidogo, nivae sweta yenye kazi. Nataka kwenda Migori kwenye zile kuta za mawe za Thimlich Ohinga, zilizopangwa bila udongo wala chokaa na zikasimama, UNESCO wakaziweka kwenye orodha ya urithi wa dunia 2018. (Hizo shemeji simpeleki, zitammaliza.) Nataka kuyaona makumbusho ya Nairobi na ile mifupa ya kijana wa Turkana, aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu 1984, kijana aliyekaa zaidi ya miaka milioni moja na nusu mahali pamoja bila kutembelewa na shemeji. Na nataka Nakuru yenyewe! Shimo la volkano la Menengai, ziwa, flamingo. Umri huu sijamwona flamingo ila kwenye kalenda ya duka la shemeji, ambayo huniletea kila mwaka kama zawadi.

Kwa hiyo safari hii, tulipowasindikiza Miritini, nilijikaza. Mabegi yamepakiwa, viazi vilivyobaki nimeachiwa, dada analia kidogo. Nikamshika shemeji mkono, nikamwambia mbele ya mashahidi: "Shemeji, Desemba ijayo, inshallah, mimi na mke wangu na watoto tunakuja Nakuru. Tunakuja kuona flamingo."

Uso ukamwangaza. Akanikumbatia mpaka kofia ikamdondoka. Akasema karibu sana, nyumba ni kubwa, tutafurahi, hilo ni jambo la maana sana kwa watoto kuijua nchi yao. Alikuwa anasema kweli, niliona. Kisha akasita, akaniinamia sikioni wengine wasisikie.

"Sasa huku ufunguo mtatuachia kwa nani?"