Tovuti ya Kampuni: Uzee wa Sura na Uzee wa Taarifa

Berkshire Hathaway, kampuni ya uwekezaji ya Marekani, ina tovuti isiyo na picha za kuvutia: maandishi na orodha ya viungo, basi. Hata hivyo wenye hisa huifungua, kwa sababu ripoti huwekwa hapo kwa wakati. Kwa hiyo anayesema kila tovuti yenye sura ya kizamani inafukuza wateja anatia chumvi. Swali la kuuliza ni kama kuna mtu anayeitunza.

Ikikosa mtunzaji, taarifa ndizo huoza kwanza. Chukua utalii wa kwetu. Januari 2024 Kenya ilifuta viza na kuleta kibali cha kielektroniki, eTA, kinachoombwa kabla ya safari. Tangu Oktoba 1, 2024, mgeni wa kigeni anayeingia Zanzibar anatakiwa awe na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima. Kampuni ya safari ambayo tovuti yake bado inasema viza ya Kenya hulipiwa uwanja wa ndege inaweza kumfanya mgeni azuiwe kupanda ndege huko kwao, na lawama atazileta kwa aliyemwambia. Bei nazo ni hivyo hivyo. Mteja akishika bei ya msimu wa juzi iliyoandikwa na kampuni yenyewe, mwenye biashara ama anameza hasara ama anaanza ugomvi na mtu ambaye hata hajafika.

Kesi moja ya Kanada inafundisha hapa. Februari 2024 baraza la madai la British Columbia liliitaka Air Canada imlipe abiria aliyepotoshwa kuhusu nauli na roboti ya mazungumzo ya tovuti yake. Kampuni ilijitetea kwamba ukurasa mwingine wa tovuti hiyohiyo ulikuwa na maelezo sahihi. Haikusaidia. Uamuzi huo hauzifungi mahakama za Afrika Mashariki, lakini mantiki yake naiona nzito: kampuni inawajibika kwa yote yaliyomo kwenye tovuti yake.

Usalama ndio unaonitia hofu zaidi, kwa kuwa uharibifu wake hauonekani mapema. Mwaka 2017 Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza taarifa za mikopo ya watu, iliibiwa taarifa za watu wapatao milioni 147 kupitia dosari ya programu ambayo marekebisho yake yalikuwa yametolewa Machi, miezi miwili kabla ya wizi kuanza. Mwenye duka dogo atasema, nani ana shida na mimi? Lakini wadukuzi hawachagui jina. Programu zao huzunguka intaneti zikitafuta matoleo ya zamani ya WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, na ya plagini, yaani viongezi vyake, na zikiipata tovuti dhaifu huweza kuijaza kurasa za kamari. Kama tovuti hiyo inapokea majina na namba za simu za wateja, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayomtaka mkusanyaji azilinde.

Upande wa pili una hoja ya kweli. Mfanyabiashara wa vitenge Kariakoo anayeuza kwa WhatsApp na Instagram hana sababu ya kulipia tovuti mpya. Kujenga upya nako kuna hatari yake: anwani za kurasa zikibadilishwa bila kuelekeza za zamani kwenye mpya, nafasi iliyojengwa Google kwa miaka inaweza kupotea. Kwake yeye, kuifunga tovuti ni uamuzi wa busara kuliko kuiacha ikielea.

Ila asikimbilie kuliachia jina la kikoa, yaani jina la anwani ya tovuti na barua pepe zake. Jina lisipolipiwa hurudi sokoni, na atakayelinunua anaweza kupokea barua pepe zote zinazotumwa kwa anwani za kampuni hiyo, zikiwemo za kubadilisha nywila za benki. Kwanza abadilishe barua pepe iliyosajiliwa benki, TRA na kwa wasambazaji wake, kisha aendelee kulilipia jina miaka michache hata kama hakuna ukurasa nyuma yake.